Sufuria Kubwa na Mureithi wa Kemisti

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwanza salamu. Shule niliachia darasa la tano na kitu cha mwisho mwalimu alitufundisha ni barua, kwa hivyo kalamu yangu haijui kuanza bila kusalimu, hata kama leo simwandikii mtu.

Namsalimu Mzee Omolo, baba ya watoto wangu, amekaa hapo nje na redio sikioni. Reli ilimstaafisha ikamwachia mguu mbovu na kiburi. Namsalimu Amondi, binti yangu mkubwa, amefua, ameanika, sasa anasoma. Namsalimu Apondi, kitinda mimba, yuko kwa kioo tangu tutoke kanisani. Namsalimu Nthambi wa mlango wa pili, si wa damu yangu lakini ukuta wetu ni mmoja, akipiga chafya mimi huku namwambia pole. Namsalimu jogoo. Namsalimu Owuor.

Nimeandika jina lake na mkono ukasimama.

Owuor ndiye wangu wa kwanza. Huu mwaka wa pili tangu tumpeleke nyumbani Ugenya kumzika. Mimi bado naitwa Mama Owuor, na wale wenye huruma ya mdomo wakijaribu kuniita Mama Amondi napita kama sijasikia.

Hiki kitabu nimekipata kwa Amondi. Kule chuoni kuna mwenzao anayesomea tabia za watu, aligawia akina mama vitabu waandike nani ameugua nyumbani na amemeza nini. Kimoja kilibaki. Nikakichukua. Hapa hakuna atakayesoma. Hapa nitasema.

Nasema hivi: namchukia Mureithi wa kemisti, yule mwuza dawa wa hapa mtaani!

Leo alikaa benchi la mbele na shati jeupe. Padri akasema tupeane mkono wa amani. Mureithi akageuka, akanyoosha mkono — kwangu! Nikainama kutafuta leso kwenye kibeti. Nikatafuta mpaka wakaanza wimbo.

Owuor alikuwa fundi wa malori. Bati lilimkata mguu kule gereji. Kidonda kidogo tu. Akaenda kwa dirisha la Mureithi, akauziwa kapsuli mbili. Siku nyingine, kapsuli mbili tena. Akipata nafuu anaacha, mguu ukivimba anarudi. Mpaka asubuhi moja akashindwa kuvaa kiatu. Hospitali wakampa dawa, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Daktari akatuita kando akasema, hiki kijidudu kinazijua dawa zetu zote.

Haiwezekani. Mimi najua ilikuwa chokaa. Mureithi alimuuzia mwanangu chokaa ndani ya ganda.

Siku yake itafika. Mimi naweza kusahau chumvi kwa githeri ninayouza, lakini hiyo sisahau.


Jumanne, 9 Septemba

Amondi ameniomba nimtembeze kwa makemisti wa hapa Mbotela. Akienda peke yake na lile sanduku la barafu wanadhani ni kanjo, askari wa jiji. Wakiniona mimi wanafungua. Nikavaa dera jipya.

Kwanza niandike vile nimeelewa masomo yake, maana nimeuliza mpaka amechoka. Ni udaktari, si wa sindano, ni wa kuchimba jambo moja mpaka chini. Lakini huu wao ni wa kuchanganywa. Amondi ni wa vijidudu. Lusweti ni wa hesabu, damu akiiona anakaa chini. Kuna wa mifugo, kuna huyo wa tabia za watu. Mwaka wa kwanza kila mmoja anapelekwa chumba cha mwenzake akaone vile hajui kitu. Amondi alikaa na watu wa hesabu, jioni anarudi macho mekundu, nikadhani ni mwanamume amemuudhi. Profesa Kavinya, ndiye mkubwa wao, anawaambia kama huwezi kumweleza mwenzako ambaye si wa kazi yako, rudi, wewe mwenyewe hujaelewa.

Nikamuuliza, sasa kwa nini mchanganywe? Si kila mtu akae na yake?

Akasema, "Mama, ile kitu ilimuua Owuor haikai chumba kimoja. Inatoka kwa kuku, inaingia mtaro, inaingia mkono wa mtu, inaingia wodi, inarudi mtaani. Mimi naiona tu ikiwa imefika kwa kioo changu cha maabara. Wa hesabu anaona njia imepitia. Wa mifugo anaona ilianzia wapi. Kila mtu akikaa na yake, inapita katikati yetu."

Halafu akasema wanapima dawa pia. Dawa zenyewe! Kama nguvu iliyoandikwa kwa boksi ndiyo iko ndani.

Hapo masikio yangu yakafunguka. Kumbe ndiyo kazi ya hiyo kozi! Muda wote huu nikidhani mtoto anasoma vya kujifurahisha, kumbe Mungu ananinolea panga. Hiyo sikusema kwa sauti.

Tukaenda. Nzomo wa kemisti ya kona akatupa dawa bila maneno mengi. Tukafika kwa Mureithi. Mama yake, yule bibi mzee tunayemwita cucu, alikuwa nje kwa kiti chake cha plastiki akiota jua. Huyo namsalimu, yeye hana makosa.

"Karibu, Daktari!" Mureithi akamwambia Amondi. "Na Mama Owuor, u mzima?"

"Mzima wa nini?" nikamjibu.

Akavuta droo zote. Chagua mwenyewe, Daktari, hata zile za nyuma. Anatabasamu! Mtu anajichimbia kaburi na bado anakupokeza jembe.

Amondi akatia dawa kwa mfuko, akabandika namba. Namba tu. Nikamnong'oneza, mbona huandiki Mureithi? Akanivuta nje. Anasema ni sheria ya kozi, walitia sahihi, hakuna duka linalotajwa jina popote.

Sawa. Wao hawataji. Mimi sikutia sahihi.


Ijumaa, 12 Septemba

Githeri imeisha mapema. Maneno ndiyo yaliuza!

Nthambi alinikuta jikoni hapo kando ya barabara, akauliza mbele ya watu wote, ati Amondi anabeba nini kwa lile sanduku? Nikasema, anabeba ushahidi. Nikasema hawa makemisti wote watafungwa, na wa kwanza namjua kwa jina na kwa kitambi. Nthambi akacheka mpaka akashika mti. "Wewe ungekuwa jaji, Mama Owuor, huu mtaa ungebaki na mbwa peke yao."

Acha acheke. Wengine hawakucheka, walisogea. Eti kweli? Kweli! Binti yangu ndiye anapima, nani atanidanganya?

Halafu akapita mama mmoja na mtoto mgongoni, anaelekea kwa Mureithi. Nikamwita. Mwanangu, pita hapo, nenda mpaka Jogoo Road, hapo ni chokaa. Akapita. Mureithi alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Aliniona mimi nikiona ameona.

Utamu! Utamu kama sukari guru.

Apondi anasema, "Mathe, wewe ni mnoma." Sijui ni sifa au ni tusi. Nimeichukua kama sifa.


Jumamosi, 20 Septemba

Siku mbaya.

Nilimpikia Amondi samaki mzima kwa sababu alisema majibu yametoka. Nikamwekea kichwa, ndicho anapenda. Nikangoja ale. Nikashindwa kungoja.

"Ni chokaa?"

"Ni nzima, Mama."

"Nzima namna gani?"

"Nzima. Dawa zote tulizochukua huku. Nguvu iko vile imeandikwa."

"Hata za—"

"Usiniulize za nani. Nimesema zote."

Nikaweka mwiko chini. Basi dawa nzima ilishindwaje na kidonda cha bati? Akasukuma sahani, akanieleza polepole kama vile mimi ndiye Lusweti. Kijidudu kile kilikuwa kimeshafundishwa kabla ya kufika kwa mguu wa Owuor. Anayemeza kidogo akaacha anakifundisha. Mwenye kuku anayetia dawa kwa maji na kuku hawaumwi anakifundisha. Mtaro unakibeba, hospitali inakikomaza. Dawa ya kweli ikija inakikuta kimeshajifunza kujikinga.

Akafungua simu akanionyesha mchoro wa Lusweti. Mishale! Kila mahali mishale, kama kichwa cha mtu hajachana nywele.

"Mureithi ako wapi hapa?"

"Hapo hakuna mtu, Mama. Ni njia."

"Sasa nimchukie nani? Nichukie mtaro?"

Mzee Omolo, ambaye husikia akitaka, akapaza sauti toka nje: "Chukia mtaro! Angalau hauwezi kukaa mbele kanisani."

Sikucheka. Nikamuuliza Amondi, sasa hiyo kozi ni ya nini? Mmejaa hapo wa kila aina, mmekula miaka, mmeshindwa kunipa mtu mmoja?

Akazima simu. Halafu akasema kozi haikuanzishwa kutafuta mtu. Ilianzishwa kwa sababu kila mtu alikuwa na mtu wake wa kulaumu. Hospitali inalaumu kemisti. Kemisti analaumu mgonjwa. Mgonjwa analaumu daktari. Na wote wako sawa kidogo, na watu wanazidi kuzikwa. Akasema, "Unadhani mimi niliacha kazi ya ualimu nikaenda kulia kwa watu wa hesabu kwa nini? Owuor alikuwa wangu pia."

Nikachukua sahani yake nikaosha na samaki bado yuko ndani.

Lakini alimuuzia mbili mbili! Hiyo haihitaji mishale. Mtu mzima, amesomea dawa, anamwona kijana anachechemea, anampa mbili, anampungia mkono. Kama si chokaa basi ni roho. Roho yake ndiyo chokaa.


Jumatatu, 22 Septemba

Amondi amerudi na sanduku tupu. Barafu imeyeyuka imemwagikia viatu.

Makemisti wamekataa. Wote. Nzomo alimwambia dirishani, "Dada, mama yako ametangaza unakuja kutufunga. Hapa hutapata hata panadol." Wengine walivuta mlango wakimwona mbali.

Sikujua lazima arudi! Nilidhani ni mara moja imeisha. Kumbe lazima arudi maduka yaleyale, msimu wa mvua na msimu wa jua, ndipo mishale ya Lusweti ishikane. Sasa imekatika katikati. Profesa Kavinya alimwita. Hakumgombeza. Alimwambia kama watu wa mtaa wamefunga mlango, kazi hiyo haipo tena. Aanze upya mahali pengine, na chuo hakitamwongezea miaka, au aache.

Nani alitangaza hayo maneno? Watu wa huu mtaa wana midomo!

Sawa. Ni mimi. Lakini walikuwa na haja gani ya kubeba?

Amondi hajanilaumu. Angenilaumu ningejitetea. Amenipikia chai, ameweka tangawizi vile napenda, akaenda kulala mchana na viatu vyake vimelowa.


Alhamisi, 25 Septemba

Nimezunguka kwa makemisti mimi mwenyewe. Bila dera jipya.

Kwa Nzomo nikasema, baba, ule ulikuwa mdomo wangu, msichana hafungi mtu, hata majina haandiki. Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, juzi tunafungwa, leo hatufungwi. Tushike gani?" Wateja wakacheka. Nikasimama hapo nikachekwa, kwa ajili ya Amondi.

Halafu akasema, "Ongea na mwenyekiti wetu. Akisema ndiyo, sisi sote ni ndiyo."

Mwenyekiti ni nani?

Mureithi.

Afadhali nimeze jiko na makaa yake.


Jumapili, 28 Septemba

Cucu amefariki. Mama yake Mureithi. Padri ametangaza kabla ya sadaka. Alilala jana jioni kwa kiti chake, hakuamka.

Nilimpenda huyo mzee. Alikuwa ananunua githeri yangu, lazima maharagwe yawe yamelainika kabisa kwa sababu ya meno, na nikimpimia anasema kwa Kikuyu maneno sijui lakini yalikuwa ya baraka. Nimelia kidogo. Kidogo.

Halafu nikakumbuka vyombo!

Kikundi chetu cha akina mama, Tushikane, vyombo vyake vinakaa kwangu. Sahani, vikombe, thamosi, hema, masufuria. Mimi ndiye nimepewa kuvitunza. Huku kwetu mtu akifiwa, ukiwa mwanakikundi au si mwanakikundi, jioni ya kwanza vyombo viko kwako na akina mama wako kwako. Wanapika chai na wali, watu wanakuja maombi kila siku mpaka maiti isafirishwe. Hakuna anayeombwa. Wanaona tu sufuria zinapita barabarani, wanajua ni wapi wanaenda.

Bila sufuria kupita, hakuna anayejua kama aende.

Nthambi alikuja hata kabla sijavua viatu vya kanisa. "Tunabeba saa ngapi?"

Nikasema sufuria kubwa imetoboka.

"Imetoboka? Ile?"

Imetoboka chini. Na vikombe viko kwa shemeji yangu Dandora. Na hema ina panya.

Nthambi akaniangalia. Miaka yote ukuta mmoja, anajua hata ndoto zangu. Akasema tu, "Haya." Akaenda.

Sasa aonje! Akae na wageni wake kwa nyumba haina moshi. Aone vile mtu anakuwa peke yake. Nilimngoja kanisani, nilimngoja barabarani, nikangoja panga la chuo, likaja butu. Kumbe silaha ilikuwa hapa ndani kwangu, nyuma ya kitanda.


Jumatano, 1 Oktoba

Nthambi ameenda kwa Mureithi jana, peke yake, na kasufuria kake ka ugali. Akaniletea habari bila kuulizwa. Wageni wametoka Nyeri, wazee na kofia zao. Chai inapikwa kidogo kidogo, wa kwanza wamemaliza wa mwisho hawajaona. Vikombe vimekosekana, mke wa Mureithi akatoa dukani vile vikombe vidogo vya kupimia dawa ya maji.

"Mzee mmoja akauliza anywe mara ngapi kwa siku," Nthambi akasema.

Nikacheka! Nikacheka mpaka Mzee Omolo akaingia kuangalia ni nini. Nikacheka halafu ikaisha ghafla, nikabaki na mdomo wazi.

Watu wa mtaa hawakwenda. Walingoja kuona sufuria ikipita.

Sufuria kubwa haijatoka humu ndani tangu matanga ya Owuor. Misiba mingine tumetumia zile ndogo. Ilikaa juu ya moto wangu wiki nzima, chai baada ya chai, watu mpaka barabarani, sikujua mwanangu anajulikana hivyo. Ikijaa inabebwa na watu wawili, mmoja kila mshikio. Upande mmoja alikuwa anashika Nthambi.

Upande wa pili alishika Mureithi. Kila jioni. Mikono ya shati imekunjwa.

Wakati huo sikuwa nimefikiria chokaa. Nilikuja kufikiria baadaye, kila mtu akishaenda na nyumba ikawa kubwa.

Amondi amesikia habari ya vyombo. Nilitarajia aniombe. Sufuria ikienda kwa Mureithi, Mureithi anasema ndiyo, makemisti wanafungua, masomo yanaendelea. Hata mimi wa darasa la tano nimeona hiyo mishale!

Akaniambia, "Mama, usimpe kwa sababu yangu. Hiyo itakuwa hongo. Na usimnyime kwa sababu ya Owuor kama hujui Owuor angesema nini."

Nikamwambia, wewe na kozi yako mmenichanganya vya kutosha.


Ijumaa, 3 Oktoba

Naandika haraka. Niko chumba cha ndani. Nimefunga pazia.

Nilikuwa nachagua maharagwe. Hodi. Nikasema karibu bila kuinua kichwa. Ni Mureithi! Hajanyoa. Shati lilelile la juzi. Na nyuma yake mwanamume mwingine na nyundo na mfuko wa vyuma.

"Mama Owuor, nimesikia sufuria imetoboka. Nimekuja na fundi kutoka Kamukunji. Ataiziba hapa hapa."

Fundi akauliza iko wapi, mama. Kwa adabu kabisa.

Nifanye nini? Nikasema kaeni. Nikawawekea chai. Siwezi kukaa na mtu aliyefiwa nisimpe chai, hata huyo, mkono wenyewe ulimimina. Mureithi akashika kikombe kwa mikono miwili. Ni kile cha bluu — kikombe cha kikundi. Ambacho kiko Dandora. Akakiona. Akanywa.

Kesho alfajiri wanamsindikiza cucu Nyeri. Leo jioni ndiyo maombi ya mwisho. Akasema, "Mama alikuwa anakuulizia. Akisema wewe ndiye unayejua kulainisha."

Nikarudi kwa maharagwe yangu.

Halafu akasema, bila mimi kuuliza, akiangalia chini. "Yule kijana nilimwambia aende hospitali. Mara ya pili, nilimwambia. Aliniambia ana lori la mtu, akimaliza ataenda. Nikampa mbili apate kufika kesho. Kila siku akawa ananiambia kesho."

Nikasimama. Nikasema wacha nilete sufuria. Ndio niko hapa.

Iko mbele yangu. Nimeivuta kutoka nyuma ya kitanda. Haina tundu hata moja. Nzima.

Imejaa nguo zako, Owuor. Sikumwambia mtu. Nilipewa vitu vyako hospitalini, sikujua pa kuviweka, na sufuria ilikuwa imeoshwa, imekauka, ina kifuniko. Nimetoa koti. Nimetoa ovaroli, bado ina harufu ya dizeli. Nimetoa kiatu kimoja, kile cha mguu mzima. Nimeviweka kitandani. Sasa iko tupu na siwezi kuiinua peke yangu. Lazima nimwite mmoja wao ashike upande wa pili. Au nirudishe nguo, nitoke nje na mikono mitupu, niseme imepotea. Akaondoke. Akanywe kwa vikombe vya dawa.

Nasikia fundi anasema chai ni tamu. Mureithi anamwambia huyu mama ni mtu mzuri. Mimi! Ananiita mtu mzuri, na mimi niko hapa nyuma ya pazia nimeshika koti lako, sijui kama naomba Mungu amsamehe au amchome.

Wewe ulisimama dirishani pake. Amondi hajui, Profesa hajui, Lusweti na mishale yake yote hajui. Ni wewe na yeye tu mlikuwa hapo. Alikwambia uende hospitali? Alikwambia kweli? Ukamjibu kesho, vile ulikuwa unanijibu mimi?

Kama ni uongo, fanya kitu. Angusha kifuniko. Nitajua. Kama ni kweli, basi nimwite ashike—

Ameniita. "Mama Owuor, nikuje tusaidiane?"

Jina aliloliita ni lako, Owuor. Nijibu upesi, mwanangu. Nijibu sasa hivi. Amesimama, nasikia kiti.